Nusu sentensi iliyoachwa: kwa nini karatasi za mabalozi wachache ziliwaokoa Wayahudi?

#1 DirishaLaTatu (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Kabla sijastaafu nilifanya kazi kwa miaka 19 ya kupokea maombi ya hati za kusafiria, na kwa muda wote huo niliamini kwamba karatasi haina nguvu yake yenyewe, kwamba nguvu ni ya serikali iliyosimama nyuma yake. Kuna kisa kimoja ambacho kimeitikisa imani hiyo, nami nakileta hapa ili tusaidiane kukielewa.

Julai 1940, mjini Kaunas, Lithuania, alikuwapo Mholanzi aitwaye Jan Zwartendijk. Kazi yake ilikuwa kuiwakilisha kampuni ya Philips, na ubalozi mdogo wa Uholanzi alikuwa amekabidhiwa mwezi mmoja tu uliopita. Wakimbizi wa Kiyahudi walipomfuata, alianza kuwaandikia katika pasi zao, kwa Kifaransa, kwamba mgeni hahitaji viza ili apokelewe Surinam, Curaçao na milki nyingine za Uholanzi katika Amerika. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa nusu. Nusu ya pili ya kanuni ilisema kwamba mwenye kuamua nani ashuke melini ni gavana wa huko, na gavana huyo alikuwa haruhusu karibu mtu yeyote. Nusu hiyo Zwartendijk aliiacha. Balozi wake aliyekaa Riga, L.P.J. de Decker, ndiye aliyekubali kwanza kuiacha, mwanamke mmoja mkimbizi alipomsihi kwa barua.

Wakiwa na nusu sentensi hiyo mkononi, watu wakaenda kwa Chiune Sugihara wa ubalozi mdogo wa Japani, akawapa viza za kupitia Japani kwa hoja kwamba wanayo nchi ya kwenda. Naomba mkumbuke kwamba Uholanzi yenyewe ilikwisha kutekwa na Wajerumani tangu Mei, na serikali yake ilikuwa London. Basi nyuma ya karatasi ile kulikuwa na nani? Mbona ilipita?

#2 Mwalimu_wa_Zamu

Swali ni zuri, lakini kabla uzi haujaenda mbali nirekebishe jambo ambalo wengi hulikosea, ingawa mleta uzi hajalitamka. Kaunas ya Julai 1940 haikuwa mikononi mwa Wajerumani. Jeshi la Kisovieti liliingia Lithuania katikati ya Juni 1940, na Wajerumani hawakufika hadi Juni 1941. Aliyepaswa kuridhika na karatasi za Zwartendijk na Sugihara alikuwa ofisa wa Kisovieti mwenye kutoa kibali cha kutoka, wala si Mnazi.

Moscow ilikuwa na sababu zake. Waombaji wengi walikuwa Wayahudi wa Poland waliokimbilia Lithuania baada ya nchi yao kugawanywa mwaka 1939, na kwa Wasovieti hao walikuwa wageni wasiojulikana pa kuwekwa. Tiketi za treni ya Siberia hadi Vladivostok ziliuzwa na Intourist, shirika la utalii la serikali, nazo zililipwa kwa dola. Serikali iliyokuwa na kiu ya dola ikipata nafasi ya kuwatoa wageni wasiotakiwa na kulipwa kwa kuwatoa, sioni kwa nini ingechungulia sana kilichoandikwa kuhusu Curaçao. Ilihitaji kitu cha kuweka katika jalada, na Zwartendijk aliwapa kitu hicho.

Upande wa pili wa jambo hili unaumiza. Wayahudi wa Lithuania wenyewe walikwisha kuhesabiwa raia wa Kisovieti, na kwa wengi wao mlango huo haukufunguka. Zaidi ya asilimia 90 kati yao waliuawa Wajerumani walipofika.

#3 MsomajiWaUsiku

Heshima kwako mwalimu, lakini maelezo yako yanawatoa watu ndani ya kisa. Dola zilikuwapo, treni ilikuwapo, kibali kilikuwapo, na bila mkono wa mtu mmoja vyote vingebaki vilivyo. Sugihara aliiomba Tokyo ruhusa mara tatu, na mara zote aliambiwa kwamba asiwape viza watu wasio na kibali kamili cha nchi ya mwisho na fedha za kutosha za safari. Akaandika hivyo hivyo.

Mkewe, Yukiko, alieleza miaka mingi baadaye jinsi alivyomkanda mumewe mkono kila usiku, kwa sababu viza ya Kijapani haikuwa ya kugonga muhuri na kupita. Ilikuwa mistari ya maandishi iliyoshuka kutoka juu hadi chini, moja baada ya nyingine, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Inasimuliwa pia kwamba alimpigia Zwartendijk simu kumwomba apunguze mwendo, maana Mholanzi alikuwa amekwisha kuchongesha muhuri wa maneno yake na watu walikuwa wanafika kwa Sugihara upesi kuliko mkono wake ulivyoweza kuandika. Mtu anayetafuta kisingizio cha kukataa alikuwa nacho tayari kimetumwa kwa simu ya maandishi kutoka Tokyo, na hakukitumia. Mimi naita jambo hilo dhamiri, wala sioni haja ya kulitafutia jina jingine.

#4 WakiliMfawidhi

Nimesoma mabandiko yote matatu. Nadhani MsomajiWaUsiku amesema kweli, na bado hajajibu swali. Dhamiri inaeleza kwa nini Sugihara aliandika. Haielezi kwa nini maandishi yake yaliheshimiwa Vladivostok, ndani ya meli, na katika bandari ya Tsuruga ambako watu hao walishuka.

Kwa maoni yangu, mabalozi hawa hawakuvunja sheria kwa namna tunayoisimulia. Waliitumia. Zwartendijk hakughushi, alinukuu kanuni iliyopo akaishia katikati. Sugihara hakuchapisha viza bandia. Viza zake zilikuwa halali kwa umbo, zimeorodheshwa kwa namba, na orodha yenyewe, yenye majina 2,140 hivi, aliipeleka Tokyo. Tazameni hapo: mtu anayefanya la siri hapeleki orodha kwa mkuu wake. Kila ofisa katika safari ile, tangu Kaunas hadi Kobe, aliona hati iliyo sawa na hati nyingine, na kazi ya ofisa wa kawaida ni kuangalia kama hati iko sawa. Hakupewa kazi ya kuuliza kama dunia iko sawa.

Tena Sugihara alizungumza Kirusi vizuri, na alikutana na Wasovieti kuhakikisha kwamba wenye viza zake wataachiwa kupita. Mtu wa namna hiyo alijua hati yake itasomwa na nani.

#5 Mkulima_Meru

Habari za jioni. Babu yangu alikuwa akitusimulia habari za Wazungu wa Poland waliowekwa Tengeru, hapa karibu na Arusha, wakati wa vita ile. Walikuwa na shule, kanisa na mashamba yao, na makaburi yao karibu 150 yapo hadi leo na yanatunzwa. Nikisoma kwamba Sugihara aliwapa viza Wapolandi, naamini hawa wa Tengeru ni sehemu ya watu hao. Naomba kuthibitishiwa.

#6 Mwalimu_wa_Zamu

Mkulima_Meru, kumbukumbu ya babu yako ni sahihi, ila njia ni nyingine. Wapolandi wa Tengeru walikuwa wamechukuliwa na Wasovieti kutoka mashariki mwa Poland na kupelekwa Siberia na Asia ya Kati. Waliachiwa baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi mwaka 1941, wakapitia Iran, kisha kuanzia mwaka 1942 wakaletwa Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, akina mama na watoto. Wa Sugihara walivuka kwenda Japani kabla ya hapo, na waliokosa pa kuendelea walihamishiwa Shanghai mwaka 1941, karibu watu 1,000. Waliokwenda Curaçao hasa, karibu hakuna.

Lakini umegusa jambo la maana bila kukusudia. Tadeusz Romer, aliyekuwa balozi wa Poland huko Tokyo, ndiye aliyehangaika kuwatafutia wakimbizi hao pasi na viza za kuendelea na safari. Viza ya Sugihara ilikuwa ya kupitia tu, na mtu hawezi kupitia maisha yake yote.

#7 BintiShangani

Wakuu, nashangaa tumefika bandiko la saba na hakuna aliyemtaja balozi ambaye alikaa kwetu Zanzibar. Aristides de Sousa Mendes, yule Mreno wa Bordeaux, alikuwa balozi mdogo wa Ureno Zanzibar kuanzia mwaka 1911, na alikaa miaka kadhaa. Baadhi ya watoto wake, naye alizaa 14 na mkewe Angelina, walizaliwa Unguja. Ureno ilihitaji mtu hapo kwa sababu Wagoa wa mjini, makarani, mafundi cherehani, wapishi, wapiga picha, walikuwa raia wake. Kwa hiyo kabla ya Bordeaux huyu bwana alikwisha kukaa miaka katika mji ambao Muarabu, Mhindi, Mgoa, Mngazija na Mswahili walipanga foleni moja, na kila mmoja alikuwa na pasi ya rangi yake.

Kwa wasiokijua kisa chake: tarehe 11 Novemba 1939 Lisbon ilitoa Waraka Namba 14, uliowakataza mabalozi wadogo kuwapa viza, bila idhini ya wizara, watu wasio na utaifa, Warusi, na Wayahudi waliofukuzwa katika nchi zao. Juni 1940 Ufaransa ilipokuwa inaanguka, Bordeaux ilijaa watu waliolala ndani ya magari, katika bustani, na kwenye ngazi za ubalozi wake mdogo. Alimkaribisha nyumbani rabi aliyekimbia kutoka Ubelgiji, Chaim Kruger, na familia yake, akataka kumpa yeye viza. Rabi alikataa kupokea peke yake wakati wenzake wako nje. Sousa Mendes akalala kitandani siku tatu, akiwa mgonjwa wa mawazo, na tarehe 17 Juni alitoka akatangaza kwamba atampa viza kila anayeomba, bila kuuliza utaifa wala dini. Alitia sahihi hadi jina lake likawa fupi, Mendes tu, ili mkono uende haraka.

Wakili, huyu hakunukuu kanuni nusu. Waraka ulikuwa mezani kwake na aliukanyaga.

#8 DirishaLaTatu

Shukrani sana BintiShangani, habari ya Zanzibar sikuwa nayo kabisa. Nimesoma mahali kwamba aliwaokoa watu 30,000, wakiwamo Wayahudi 10,000. Je, hesabu hiyo ina msingi? Nauliza kama mtu aliyewahi kutia sahihi hati kwa mkono. Siku moja yenye foleni ya kweli, mtu mmoja akifika mia tatu, vidole haviwezi kushika kijiko.

#9 Mwalimu_wa_Zamu

Hesabu hiyo imeulizwa sana. Mwanahistoria wa Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi, Avraham Milgram, alirudi kwenye daftari la ubalozi wa Bordeaux na kukuta viza 2,862 kati ya tarehe 1 Januari na 22 Juni 1940, zaidi ya nusu zikiwa za siku kumi na mbili za mwisho. Akasema 30,000 ni idadi iliyotiwa chumvi.

Wanaoipinga hoja yake nao wana la kusema, kwamba daftari halina kila viza aliyosimamia Bayonne na zile alizoandika Hendaye mpakani, na kwamba viza moja iliweza kubeba baba, mama na watoto. Hali ni hiyo hiyo kwa Sugihara: majina ni 2,140 hivi, watu 6,000 ni makadirio ya kuhesabu familia, na wapo waliopata viza na wasisafiri. Mimi hupenda kuwafundisha vijana namba ndogo iliyothibitishwa. Namba ikikuzwa, siku inaporekebishwa kuna watu wataichukulia kama ushahidi kwamba kisa chote ni hadithi, na katika jambo la Maangamizi ya Wayahudi hatuwezi kuwapa nafasi hiyo.

#10 Mzee_wa_Shaba

Salamu kutoka Lubumbashi. Ruhusuni niwapeleke kisiwa cha Rhodes, na sababu ni kwamba mjini kwetu lipo sinagogi tangu enzi za Wabelgiji, na Wayahudi waliolijaza walitoka kwa wingi katika kisiwa hicho. Walikuja kufanya biashara ya nguo, unga na samaki, wakasema Kihispania chao cha kale nyumbani na Kiswahili dukani. Wazee wetu walifanya kazi katika maduka yao. Waliokuja Kongo kabla ya vita waliokoka kwa kuwa walikuwa mbali. Ndugu waliowaacha kisiwani ndio nataka kuwazungumzia.

Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa Rhodes na wa kisiwa jirani cha Kos, watu wapatao 1,700 hadi 1,800, wakawapakia melini hadi Piraeus, kisha treni hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Balozi mdogo wa Uturuki hapo, Selahattin Ülkümen, alikwenda kwa mkuu wa jeshi la Kijerumani akadai raia wa Uturuki waachiwe. Wenye uraia halisi walikuwa wachache sana. Akaongeza kwamba, kwa sheria ya Uturuki, mume au mke wa raia ni raia. Sheria hiyo haikuwapo! Aliitunga akiwa amesimama mbele ya jenerali, na watu wapatao 50 wakaachiwa.

Wakili, hii nayo utaiita kutumia sheria?

#11 WakiliMfawidhi

Mzee wangu, umenibana, nami nakubali. Hata hivyo tazama alichokitunga: alitunga sheria. Hakulia, hakumwomba jenerali awe na huruma. Alimpa ofisa wa Kijerumani kitu ambacho ofisa angeweza kukiandika katika ripoti, tena kutoka kwa nchi ambayo Ujerumani haikutaka kugombana nayo. Hoja yangu bado imesimama, ingawa imechechemea.

Budapest ndiko inakoonekana wazi zaidi. Baada ya zaidi ya Wayahudi 430,000 wa Hungaria kusafirishwa kati ya Mei na Julai 1944, karibu wote kwenda Auschwitz, waliobaki wengi walikuwa mji mkuu. Carl Lutz wa Uswisi alikuwa na kibali cha watu 8,000 kuhamia Palestina. Akakitafsiri kuwa ni familia 8,000, kisha hati za ulinzi zilipokwisha akaanza tena namba moja, ili anayekagua asione namba inayopita 8,000. Ángel Sanz Briz wa Hispania alipewa nafasi 200, naye hakutoa hati yoyote yenye namba kubwa kuliko 200; alirudia zile zile kwa herufi tofauti. Raoul Wallenberg wa Sweden, aliyefika tarehe 9 Julai 1944, alibuni hati ya rangi ya bluu na manjano yenye nembo ya mataji matatu, kwa sababu alijua askari wa Kijerumani na wa Kihungaria watanyenyekea mbele ya kitu chenye nembo.

Na kwa nini utawala wa Ferenc Szálasi, Mfashisti wa Kihungaria aliyewekwa na Wajerumani, ulioingia Oktoba 1944 na ambao watu wake walikuwa wakiwapiga watu risasi kandokando ya Danube, uliziheshimu hati hizo hata kidogo? Kwa sababu ulitaka kutambuliwa na nchi zisizopigana. Mabalozi hawakusema ndiyo wala hapana. Waliliacha tumaini hilo likining'inia wiki baada ya wiki. Mleta uzi aliuliza nyuma ya karatasi kulikuwa na nani. Budapest, nyuma yake kulikuwa na njaa ya serikali haramu ya kuitwa serikali.

#12 Ngalawa

Mnasahau Wayahudi wenyewe, na hili linanikera katika kila simulizi ya mabalozi. Katika bandiko la 1 imetajwa barua ya mwanamke mkimbizi. Yeye ndiye aliyefanya kazi ya kuitafuta kanuni na kuuliza kama nusu yake inaweza kuachwa. De Decker alikubali. Mwanafunzi mmoja Mholanzi wa chuo cha dini huko Lithuania ndiye aliyewaletea wenzake habari hiyo kwa Zwartendijk. Budapest, Miklós Krausz wa ofisi ya Palestina ndiye aliyekuwa akimpa Lutz mawazo na majina, na vijana wa Kizayuni ndani ya Nyumba ya Kioo, jengo lililokuwa chini ya ulinzi wa Uswisi katika mtaa wa Vadász, walichapisha hati za ulinzi za kughushi kwa makumi ya maelfu. Balozi alikuwa na kalamu, lakini mara nyingi wino ulikuwa wao.

#13 DirishaLaTatu

Ngalawa, umenisahihisha na nakushukuru. Lakini hizo hati za kughushi ndizo zilizonileta kwenye kisa kingine ambacho sijui nikiweke wapi.

Novemba 1944 Wayahudi wa Budapest walikusanywa katika kiwanda cha matofali cha Óbuda, kabla ya kutembezwa kwa miguu kuelekea mpaka wa Austria. Carl Lutz na mkewe Gertrud waliitwa hapo na kulazimishwa kutenganisha hati zake halali na za kughushi. Watu walipanga mstari katika uwanja ule wa baridi, kila mmoja ameshika karatasi yake, na yule yule aliyeweka sahihi yake katika karatasi za kweli akatakiwa aseme hii ndiyo, hii siyo. Walisimama hapo saa kadhaa. Nimekaa dirishani miaka 19. Najua hali ya kushika karatasi unayoiona ina kasoro, na macho ya mwenye karatasi yako usoni pako. Kwangu mimi, kibaya zaidi kilichoweza kutokea ni mtu kukosa safari. Sijawahi kusoma kitu kuhusu kazi ya ofisini kilichonitisha kama uwanja ule wa matofali.

#14 Mhamiaji_Kigoma

Nilikuwa nasoma tu, ila bandiko la 13 limenifanya niandike. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa tulipovuka ziwa kutoka Burundi. Katika kambi tuliyofikia, mdogo wangu wa miezi michache hakuwa kwenye orodha ya familia kwa sababu alizaliwa njiani, na karani wa kwanza alisema bila jina hakuna mgawo wala nafasi katika lori la asubuhi. Mama alirudi jioni kwa karani mwingine. Huyo aliangalia orodha, akaona mstari mtupu chini ya jina langu, akaandika jina la mtoto kwa wino ule ule, kisha akapuliza karatasi ikauke. Hakusema neno.

Silinganishi mateso, na naomba nisieleweke hivyo. Nasema tu kwamba mnapobishana kama ni dhamiri au ni sheria, mimi naona ule mstari mtupu. Karani wa kwanza aliuona pia.

#15 Ngalawa

Asante kwa kutuandikia, ndugu yetu.

Bandiko lako linanipeleka Vienna. Julai 1938 mataifa 32 yalikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi, na karibu kila moja lilisema nafasi hakuna. Mwaka huo huo kijana wa Vienna mwenye umri wa miaka 17 alizunguka balozi ndogo zipatazo 50 na kukataliwa kote, hadi alipofika ubalozi mdogo wa China, ambako alipewa viza 20 kwa ajili yake na jamaa zake. Mkuu wa ubalozi huo, Ho Feng-Shan, aliandika viza za Shanghai ingawa bosi wake, balozi wa China aliyekaa Berlin, alimwamuru aache.

Ajabu ni kwamba Shanghai haikuhitaji viza wakati huo. Mtu aliweza kushuka bandarini bila karatasi. Viza ilihitajika Vienna, kwa sababu polisi wa Kinazi walitaka ushahidi kwamba mtu ana pa kwenda kabla ya kumwachia atoke, hata akiwa katika kambi ya mateso ya Dachau. Mwaka 1938 walikuwa bado wanataka Wayahudi waondoke. Mwalimu atanisahihisha, lakini nadhani ndiyo sababu karatasi zilifanya kazi zaidi mwanzoni: zilikwenda upande mmoja na matakwa ya mfukuzaji.

#16 Mwalimu_wa_Zamu

Sikusahihishi hapo, ila hoja hiyo haielezi Budapest ya mwaka 1944, wakati matakwa yalikuwa kuua tu. Kila maelezo tuliyoyaweka hapa yanafaa mji mmoja na kushindwa katika mji wa pili.

#17 Msimulizi_wa_Milima

Nipo Kigali. Sitaki kuupeleka uzi mbali, lakini swali la mleta uzi sisi tuna jibu letu la mwaka 1994. Wakati balozi zilipokuwa zinafunga na kuwaondoa raia wao tu, balozi wa heshima wa Italia hapa, mfanyabiashara Pierantonio Costa, aliendesha misafara yenye bendera ya Italia hadi mpaka wa Burundi na kurudi, tena na tena, na watu wapatao 2,000 walitoka kwa juhudi zake, wakiwamo watoto 375 wa kituo kimoja cha yatima. Alitumia mali yake nyingi vizuizini. Zwartendijk naye alikuwa balozi wa nafasi hiyo, mtu wa biashara aliyekabidhiwa muhuri. Huenda mtu asiyetegemea kupandishwa cheo wizarani huona mepesi kuacha nusu ya sentensi.

#18 MsomajiWaUsiku

Napinga kwa heshima. Giorgio Perlasca wa Budapest hakuwa hata balozi wa heshima: alikuwa Mwitalia mfanyabiashara aliyejitangaza kuwa mwakilishi wa Hispania baada ya Sanz Briz kuondoka, akaendesha nyumba za ulinzi kwa cheo ambacho hakuna aliyempa. Huyo anakuunga mkono. Lakini Sousa Mendes alikuwa balozi wa kazi kwa karibu miaka 30, ana watoto wengi wa kulisha, na pacha wake, César, aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Alikuwa na kila kitu cha kupoteza, na alikipoteza. Salazar, mtawala wa Ureno, alimrudisha nyumbani, akamwekea mashtaka ya kinidhamu, akamwondoa kazini mwaka ule ule wa 1940. Familia ikala katika jiko la jumuiya ya Kiyahudi ya Lisbon pamoja na wakimbizi. Alifariki tarehe 3 Aprili 1954. Ureno ilimwekea kumbukumbu katika Pantheoni ya Taifa mwaka 2021.

#19 WakiliMfawidhi

Kuhusu adhabu, kila mmoja alipata yake. Sugihara aliendelea na kazi Prague, Königsberg na Bucharest baada ya Kaunas, kisha akaachishwa mwaka 1947 wakati wizara ilipunguza watu. Familia iliamini kwamba sababu ilikuwa zile viza, wizara haikusema hivyo. Lutz alirudi nyumbani akaulizwa kwa nini alivuka mipaka ya madaraka yake. Ho alitiwa dosari katika jalada lake la kazi. Wallenberg alichukuliwa na Wasovieti Januari 1945 na hakurudi. Zwartendijk alirudi Eindhoven chini ya Wajerumani, akanyamaza, akafariki mwaka 1976 kabla ya kutajwa na Yad Vashem kuwa Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa, heshima iliyokuja mwaka 1997.

#20 DirishaLaTatu

Nimewasoma wote mara mbili. Kuna tarehe moja niongeze, kwa sababu inahusu watu wa dirishani kama mimi. Tarehe 24 Juni 1940 Lisbon ilimwamuru Sousa Mendes arudi nyumbani. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Juni, Breckinridge Long wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani aliandika waraka wa ndani akieleza jinsi mabalozi wadogo wanavyoweza kuwazuia wahamiaji bila kubadili sheria yoyote: wadai ushahidi zaidi, na waahirishe, na waahirishe, na waahirishe. Neno hilo amelirudia mara tatu.

Mbinu hiyo naijua. Katika ofisi nilizopitia hakuna aliyeniandikia waraka wa namna hiyo, lakini nilijifunza kusema "rudi wiki ijayo" nikiwa na umri wa miaka 24, na niliona ni sauti ya kazi. Zwartendijk aliacha nusu ya sentensi. Sisi wengine tuliongeza sentensi. Sijui mara ngapi.

#21 BintiShangani

Mkuu DirishaLaTatu, usijihukumu peke yako humu. Umetuletea uzi ambao hatukuwa nao.

Mimi nimebaki na swali dogo la nyumbani. Msomaji anasema dhamiri, wakili anasema hati, mwalimu anasema dola na treni. Nataka kujua Sousa Mendes alikuwa ofisa wa namna gani alipokuwa kijana kwetu, kabla hajawa yule wa Bordeaux: alipojiwa na Mgoa asiye na cheti cha kuzaliwa, alimwambia arudi wiki ijayo, au alimwandikia? Barua za balozi ndogo kwa serikali ya Sultani na kwa Waingereza huenda zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Jumatatu nakwenda kuomba jalada. Nikipata lolote nitaliandika hapa hapa.

#22 Mkulima_Meru

Tunasubiri, dada. Ukikuta majina ya Wagoa waliohamia Arusha, naomba uyaandike pia.